Hekaya katika Maktaba ya Shule: Zilitoka Wapi na Zinatufaa Nini

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani huzuka hoja ile ile: fedha tunazochanga kwa ajili ya maktaba ya shule zinunue vitabu gani? Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba zinunue vitabu vya masomo na vya mazoezi ya mitihani basi. Kwao, vitabu vya majini, mazimwi na nchi zisizokuwako ni upuuzi unaowapotezea vijana wakati. Hoja hii si ya kubezwa. Mzazi aliyeuza mazao yake ili mwanawe asome anataka kuona cheti, hataki kusikia habari za jini aliyetoka chupani. Hata hivyo, kabla hatujakata shauri, yafaa tujue vitabu hivyo vya hekaya vilifikaje katika makabati ya shule zetu, viliandikwa na watu wa namna gani, na vilifanya kazi gani. Nitaeleza hayo kwa ufupi, kisha nitawapendekezea vijana vitabu vichache, na walezi wa maktaba shughuli chache zisizohitaji fedha nyingi.

Hekaya kabla ya shule

Shule haikuleta hekaya. Ilizikuta nyumbani, vinywani mwa mabibi na manju, na ilichofanya ni kuzitia katika karatasi. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha huko London mkusanyiko wa hadithi za Waswahili alizosimuliwa Unguja. Miongoni mwake imo habari ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo alianza kwa kula wanyama wadogo wa watu. Watu walipokwenda kushtaki, sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na walioliwa ni wake pia. Paka akazidi kukua, akala ng'ombe, akala ngamia, akala watu, na kila mara jawabu la sultani likawa ni lile lile. Siku alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani alipotambua kwamba huyo si paka tena bali ni nunda mla watu. Kazi ya kumwua ikamwangukia mwanawe mdogo, yule aliyedharauliwa na kuachwa kukaa jikoni.

Mtoto akiisikia hadithi hii huogopa nunda. Kijana wa Kidato cha Tatu, akiulizwa vizuri, ataona jambo jingine: mtawala asiyesikiliza malalamiko ya wadogo huja kuyasikia yakiwa yamefika chumbani kwake. Wazee wetu walilifahamu jambo hilo. Lakini hawakulihubiri, walilivika manyoya na meno.

Wakati wa tafsiri

Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Shule zilikuwa zikihitaji vitabu vya kusoma, na vilivyokuwako vilikuwa vichache. Kwa hiyo vikatafsiriwa vitabu vya kigeni, na ni ajabu kuona vingi vyake vilikuwa vya safari za ajabu. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri za Johnson za Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Safari za Gulliver ilifuata mwaka 1932. Katika miaka hiyo hiyo Edwin Brenn alitafsiri Alfu Lela Ulela, na mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, ambamo mchoraji alimfanya Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Kitabu hicho kimetafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Vitabu hivi havikuwa safi vyote. Mashimo ya Mfalme Sulemani kimebeba dharau ya wakati wake kwa Mwafrika, na kijana akikisoma asikisome peke yake bila mwalimu wa kumwamsha. Lakini viliacha faida moja kubwa: vilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba kitabu kizima cha mambo yasiyoonekana kwa macho. Waandishi wetu waliona, nao hawakukawia kushika kalamu.

Makarani walioandika hekaya

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wa wale wanaosema hekaya ni kazi ya watu wasiokuwa na shughuli. Waandishi walioiweka hekaya yetu katika vitabu walikuwa watu wa ofisini.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akatumika humo miaka mingi, na baadaye akafanya kazi katika ofisi za Serikali huko Tanga. Alijua jalada ni nini, amri ni nini, na mdogo hujibuje mbele ya mkubwa. Mwaka 1951, akiwa bado mtumishi wa Serikali ya kikoloni, alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anawataja wajumbe sita waliotumwa pande sita: Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuijenga nchi, na kila mmoja alitiwa kifungoni. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hicho kama shauri dhidi ya utawala usiotaka kuambiwa. Karani wa mwaka 1951 asingaliweza kuyasema hayo waziwazi na kubaki na kazi yake. Nchi ya angani ilimpa pa kusimama.

Mwaka uliofuata alitoa Adili na Nduguze. Humo mtumishi wa mfalme anakwenda Janibu kuchukua kodi, naye anamwona gavana Adili, mtu mwema kabisa, akiwapiga manyani wawili kila usiku. Manyani hao ni ndugu zake, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya husuda yao. Kisa hiki kinafanana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hugeuzwa mbwa. Lakini Shaaban Robert alikigeuza kikawa chetu, na akauliza swali zito: haki isiyokuwa na huruma ina mwisho gani? Kufikirika kilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake.

Wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyefanya kazi katika Idara ya Afya kabla ya kuingia katika magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Huyu alikwenda njia ya kinyume. Maiti inakutwa mzimuni, watu wananong'ona habari za mizimu, kisha Bwana Msa na kiko chake anaonyesha kwamba ni kazi ya mkono wa binadamu. Mzazi anayechelea kwamba vitabu hivi vitamtia mwanawe katika ushirikina na ampe hiki kwanza.

Mbali na kwetu, huko Lagos, Amos Tutuola alikuwa tarishi katika Idara ya Kazi wakati kitabu chake The Palm-Wine Drinkard kilipotoka London mwaka 1952. Baadhi ya wasomi wa kwao walikionea haya kwa sababu ya Kiingereza chake kisichonyooka. Leo kinasomwa vyuo vikuu. Forodhani, idara ya afya na meza ya tarishi: huko ndiko zilikotoka hekaya tunazoambiwa ni za wavivu.

Masanduku ya vitabu na makabati ya shule

Vitabu navyo vilihitaji njia ya kuwafikia wasomaji. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao Nairobi, lilichapa vitabu na pia lilisambaza maktaba za masanduku, hata mahali pasipokuwa na duka la vitabu pakapata cha kusoma. Shirika hilo lilikwisha pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kwa upande wetu, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka huo huo ndio wa Elimu ya Kujitegemea. Ni vema kukumbuka kwamba jembe na kitabu vilisisitizwa pamoja.

Kisha ikaja miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu na vitabu vikawa haba. Waliosoma miaka hiyo wanajua nakala moja ilivyogawanywa na wanafunzi kumi. Sisi tuliofuata katika miaka ya 1990 tulirithi makabati yenye vitabu visivyo na majalada, na mara nyingi kurasa za mwisho hazipo. Baadhi yetu tulilazimika kuubuni mwisho wa hadithi wenyewe, tukabishana bwenini mpaka taa kuzimwa. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, na hali ikaanza kurekebika katika vitabu vya shule za msingi. Lakini kijana wa sekondari, ambaye si mtoto tena wala hajawa mtu mzima, mara nyingi husahauliwa. Yeye hupewa kitabu cha mtihani, na akimaliza mtihani hana sababu ya kushika kitabu tena.

Hasara ya jambo hilo naiona katika kazi yangu ya utumishi wa umma. Wanakuja vijana wenye vyeti vizuri, wanaojua kunakili waraka bila kosa. Ukimwuliza mmoja wao utaratibu huu ungewezaje kuwa mwingine, anakutazama kama uliyemtukana. Hajawahi kuambiwa kwamba nchi yaweza kufikiriwa upya. Hekaya ndiyo shule ya kwanza ya kufikiri hivyo.

Vitabu ninavyovipendekeza

Kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili: Alfu Lela Ulela, Hekaya za Abunuwasi, Adili na Nduguze, na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne: Kusadikika, Mzimu wa Watu wa Kale, na Kisima cha Giningi cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka mwaka 1968.

Kwa Kidato cha Tano na cha Sita: Kufikirika, Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, ambavyo ni vyembamba kwa kurasa lakini vizito kwa fikra, Walenisi (1995) cha Katama Mkangi, Ziraili na Zirani (1999) cha William Mkufya, na Bina-Adamu! (2002) cha Kyallo Wadi Wamitila. Msomaji asikate tamaa akitatizika mwanzoni. Vitabu hivi vinataka kusomwa mara mbili.

Anayetaka kunyoosha Kiingereza chake na amsome Tutuola, au The Hobbit cha Tolkien cha mwaka 1937, au Akata Witch cha Nnedi Okorafor cha mwaka 2011, ambacho mashujaa wake ni vijana wa rika lao huko Nigeria.

Shughuli za maktaba

Kwanza, saa moja kila juma ya kusoma kwa sauti. Nakala moja yatosha watu arobaini ikiwa msomaji ana sauti nzuri.

Pili, mahakama ya Karama. Wanafunzi wagawane nafasi za mfalme, waziri, mshtakiwa na wajumbe, kisha wajenge hoja zao wenyewe. Huo ni mdahalo tosha, na ni somo la uraia pia.

Tatu, ramani. Kila msomaji achore nchi aliyoisoma na kueleza kwa nini mji ameuweka hapa na mto pale.

Nne, wakati wa likizo kila mwanafunzi aandike hekaya moja ya kwao, kama alivyoisikia kwa mzee wake, pamoja na jina la kijiji na lugha iliyosimuliwa. Baada ya miaka mitano maktaba itakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani popote.

Tano, maktaba iwe wazi jioni, na daftari la kuazima litunzwe na wanafunzi wenyewe. Kabati lililofungwa kwa kufuli kwa kuogopa wizi ni ghala tu, si maktaba.

Pendekezo

Naleta pendekezo hili mbele ya wanachama wenzangu: katika kila vitabu kumi tutakavyonunua, vinane viwe vya masomo kama wengi wanavyotaka, na viwili viwe vya hekaya. Hatutapunguza ufaulu kwa kufanya hivyo, kwani kijana asomaye sana huandika vizuri, na aandikaye vizuri hufaidika katika kila karatasi ya mtihani.

Nanyi vijana mlioko shuleni, msingoje vitabu vipya. Yaliyomo kabatini sasa, hata yakiwa hayana jalada, yanatosha kuanzia. Anzeni na Kusadikika. Mkimaliza, mwulizeni mwalimu wenu kwa nini wajumbe sita walirudi na habari njema wakatiwa kifungoni. Kisha jiulizeni nyinyi wenyewe, siku mtakapokaa katika viti vya ofisi, mtawapokeaje wajumbe wa aina hiyo.