Fangasi wa ngozi kwa wenye baridi yabisi

Fangasi wa ngozi kwa wenye baridi yabisi ni maambukizi ya kuvu kwenye ngozi, kucha au mikunjo ya mwili wa mtu ambaye kinga yake hushambulia viungo vyake. Husababishwa hasa na kuvu wa mashilingi na kandida. Hatari huongezwa na dawa za kupunguza kinga, zikiwemo prednisoloni na methotreksati. Vidole vilivyopinda navyo hufanya iwe vigumu kukausha miguu. Krimu ya steroidi hutuliza mwasho huku kuvu wakienea na baka la mashilingi likipoteza umbo lake la duara. Joto na unyevu huwafaa kuvu hao. Klotrimazoli ya kupaka hutosha mara nyingi. Vidonge vya terbinafini, pamoja na methotreksati, huhitaji vipimo vya ini.