Ngongo Lutete: mshirika aliyepigwa risasi, na vita vilivyofika Kabambare

Ngongo Lutete alikamatwa mtumwa akiwa bado mdogo, kisha akawa mkubwa wa askari wa Tippu Tip kule Ngandu, kwenye mto Lomami. Alishambulia vijiji akitafuta watumwa na pembe za ndovu. Mwaka wa 1892 askari wa mfalme Léopold II walimushinda, naye akageuka upande wao. Watu wake walimusaidia komanda Dhanis kukamata Nyangwe mwezi wa tatu 1893, kisha Kasongo mwezi wa ine.

Hata hivyo, maofisa wazungu wa Ngandu walimushitaki uhaini. Kesi ilikatwa mbio, na tarehe 15 mwezi wa tisa 1893 wakamupiga risasi. Dhanis alimutuma Hinde, munganga wa jeshi, akazuie jambo hilo. Alifika Ngongo amekwisha kufa.

Watu wake wengi waliingizwa katika Force Publique, na hawakusahau. Tarehe 4 mwezi wa saba 1895 askari wa Luluabourg, leo Kananga, waliasi. Kifo hicho na mateso ya maofisa njo sababu. Mwaka 1897 kundi la Dhanis mwenyewe likaasi kaskazini. Waasi hao waliteremuka, na mwezi wa kumi na moja 1898 wakakamata posti ya Kabambare.