Leseni ya Kituo cha Watoto na Mshahara wa Yaya: Nani Anaamua Nini Machakos?

Wazee wetu walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Leo, katika miji mingi ya Kenya, kazi hiyo inafanywa na yaya ndani ya chumba cha kupanga, huku mama yuko kiwandani au sokoni. Kaunti ya Machakos ni mfano mzuri wa kulielewa jambo hili, kwani ndani yake mna viwanda vya Athi River, mna mji wa Machakos wenyewe, na mna vijiji vya Yatta na Masinga. Swali la huko ndilo la Mombasa na Lamu: nani anatoa ruhusa ya kufungua kituo cha kulelea watoto, na nani anapanga mshahara wa yule anayewalea?

Majibu ni mawili, na yanatoka kwa serikali mbili tofauti.

Leseni ni ya kaunti

Mabaraza ya miji ya zamani, likiwemo la Machakos, yaliondoka mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Leseni za biashara ni zao pia. Kwa hivyo sheria ya vituo hivi hupitishwa na wawakilishi wadi katika bunge la kaunti, ada ya leseni hupangwa kupitia Mswada wa Fedha wa kaunti, na maafisa wa afya ya umma ndio hukagua vyoo, maji na jiko.

Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kutunzia watoto mwaka 2017. Pasipo na sheria ya namna hiyo, kituo hupewa leseni ya kawaida ya biashara, kama duka au kinyozi. Leseni hiyo haikuundwa kuuliza yaya mmoja anabeba watoto wangapi.

Mshahara ni wa serikali kuu

Kaunti haina mamlaka ya kupanga kima cha chini cha mshahara. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, ni Waziri wa Leba anayetoa agizo la mishahara katika gazeti rasmi la serikali. Agizo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 liliongeza asilimia 6. Ndani yake, yaya wa watoto amewekwa daraja moja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Hilo ndilo daraja la chini kabisa.

Katika agizo hilo la 2024, malipo ya daraja hilo kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba, yalitegemea mahali:

- Miji mikuu kama Nairobi, Mombasa na Kisumu: karibu shilingi 16,114.
- Miji iliyokuwa na manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru: karibu shilingi 14,867. Hapa wamo mji wa Machakos, Athi River iliyo Mavoko, na Malindi yetu.
- Sehemu nyingine zote: karibu shilingi 8,596. Hapa wamo Yatta na Masinga, na kwetu Pwani imo Lamu.

Kaunti ni moja, kazi ni moja, mtoto analia vile vile, lakini yaya wa Masinga kisheria anaweza kulipwa chini kidogo ya asilimia 60 ya anachopata mwenzake wa Athi River.

Hesabu inapogoma

Tuseme kituo cha Athi River kinatoza shilingi 100 kwa siku, kwa siku 26 za kazi. Kila mtoto analeta shilingi 2,600 kwa mwezi. Watoto 6 wanaleta 15,600. Ukimlipa yaya mmoja 14,867, zinabaki shilingi 733 za kodi ya chumba, maji, uji, sabuni na leseni. Mwenye kituo naye hajapata kitu.

Apandishe ada? Mama wa kiwandani aliye daraja hilo hilo analipwa 14,867. Mtoto mmoja tayari anamla zaidi ya sehemu moja kwa sita ya mshahara. Akiwa na wawili, ni zaidi ya theluthi. Basi mwenye kituo hubaki na njia mbili: kumlipa yaya chini ya sheria, au kujaza watoto 20 katika chumba cha watu 6. Leseni ghali ikiongezwa juu yake, mlango unafungwa na kazi inaendelea gizani, ambako hakuna afisa wa kukagua.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Chekechea inaanza miaka 4. Kwa karibu miaka minne katikati, mtoto hana mahali pa umma.

Kaunti inaweza nini

Kaunti haiwezi kushusha mshahara, wala isitamani kufanya hivyo. Yaya naye ana watoto wake. Lakini tayari inaajiri walimu wa chekechea, na inaweza kuwatazama walezi wa watoto wachanga kwa jicho hilo hilo. Inaweza kutenga chumba katika masoko yake, ili kodi isiwe mzigo. Inaweza kutoza vituo vidogo ada ndogo, kuweka idadi ya watoto kwa kila yaya, na kutoa muda wa kurekebisha kabla ya kufunga.

Mwananchi naye ana nafasi. Ibara ya 196 ya Katiba inalilazimu bunge la kaunti kushirikisha umma, na Ibara ya 37 inatupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi. Mswada wa Fedha ukija wadini kwenu, ulizeni ada ya kituo cha watoto ni ngapi na fedha hizo zinarudi vipi kwa watoto. Malalamiko ya mshahara duni yapelekwe kwa afisa wa leba, ambaye ni wa serikali kuu. Ukiyapeleka kwa mwakilishi wadi, hana uwezo wa kuyaamua.

Anayedai leseni bila kuuliza yaya analipwa nini, amekagua choo na kuacha mtoto.