Mgeni, Mwenyeji na Bei: Kupatana Bei katika Masoko ya Nchi za Kiislamu

Msafiri wa siku hizi aendaye Fez, Cairo au Istanbul huelezwa na vitabu vya watalii kwamba kupatana bei ni mchezo. Mwenye duka hutaja bei ya juu, mgeni hutaja nusu yake, kisha wakakutana katikati. Maelezo hayo hayakosi ukweli, lakini yanatuonyesha watu wawili tu, kila mmoja akitegemea ujanja wake. Katika historia ya masoko hayo, aghalabu mgeni hakuachwa peke yake mbele ya muuzaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baina yao alisimama mtu wa tatu, na kwamba pasipo kumwelewa huyo hatuwezi kueleza jinsi bei ilivyopatikana. Tutatazama ushahidi wa namna tatu: habari za msafiri mmoja, hukumu za sheria, na maneno ya Kiswahili yenyewe.

I

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alitoka kwao mwaka 1325. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, kisha akateremka hadi Mombasa na Kilwa. Habari zake, zilizoandikwa na Ibn Juzayy na kukamilishwa mwaka 1355, zina maelezo ya desturi moja ya Mogadishu ambayo yafaa kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa historia ya biashara.

Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walitoka kwa sambuku ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani hiyo mmoja wa wafanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa katika nyumba ya mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta mwenyewe hakupokewa hivyo. Wenzake walieleza kwamba yeye si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, naye akapelekwa kwa kadhi. Kwa hiyo anaieleza desturi hii kama mtazamaji, si kama mtu aliyefaidi wala kuumizwa nayo.

Anaongeza kwamba wao wana manufaa katika desturi hiyo. Hapa ndipo penye mgogoro. Hao “wao” ni akina nani? Tukisema ni wenyeji, basi mgeni alikuwa kama mateka: hakuweza kutembea sokoni na kuulizia bei kwa wengine, na kila faida ilipita katika mkono wa aliyemlisha. Tukisema ni wageni, basi desturi ilikuwa ngao yao. Kiwakilishi peke yake hakiwezi kuamua. Lakini msafiri ametuachia kidokezo kingine. Asema kwamba mtu aliyekwisha kuja mjini mara nyingi na kuwajua watu wake aliweza kufikia popote alipotaka. Lau kusudi la desturi lingekuwa kumnyonya mgeni tu, kusingekuwa na sababu ya kumwachilia huyo, ambaye yamkini ndiye aliyekuwa na mali nyingi zaidi. Waliofungwa nayo ni wale wasioujua mji. Kwa maoni yetu, basi, desturi ilikusudiwa kuziba pengo la ujinga wa mgeni, ijapokuwa mwenyeji hakukosa kujilipa kwa kazi hiyo.

II

Wanasheria wa Kiislamu nao walishughulishwa sana na pengo hilo. Imepokewa kwamba Mtume alikataa kuwawekea watu bei ziliposhtadi. Bei basi ikaachwa mikononi mwa wanaouziana, lakini njia za kuifikia zikawekewa mipaka. Ilikatazwa kupandisha bei kwa hila pasipo nia ya kununua. Ilikatazwa kuingilia mapatano ya mwingine. Na ilikatazwa kuwalaki wenye misafara nje ya mji ili kununua mali yao kabla hawajaijua bei ya soko. Katika madhehebu ya Shafii, aliyelakiwa na kupunjwa ana hiari ya kuuvunja uuzaji afikapo sokoni.

Hata hivyo madhehebu hayakuwa sawa. Kwa Shafii, aliyefariki mwaka 820, wauzianao wana hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana katika majilisi yao. Kwa Malik, ingawa yeye mwenyewe aliipokea hadithi ya jambo hilo, neno likishakubaliwa limekwisha. Ibn Battuta alikuwa Mmaliki, na watu wa Mombasa na Kilwa anawataja kuwa ni Mashafii. Msafiri kama yeye, akipatana bei Mombasa, alisimama katika sheria iliyompa nafasi ya kujuta ambayo kwao hakuwa nayo. Tunaona basi kwamba hakuna “kupatana bei kwa Kiislamu” kwa namna moja tu.

Tena, desturi ya Mogadishu ilivuka mpaka wa sheria. Kwa Mashafii, kupunjwa bei peke yake, pasipo udanganyifu, hakubatilishi uuzaji. Mogadishu kulibatilisha. Hapo ndipo tunapoona mila ya mji wa bandari ikimlinda mgeni kupita kitabu.

Haifai pia kudhani kwamba mila ilifuata sheria daima. Katika karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi yenye pembe za ndovu ilipokaribia Bagamoyo, mawakala wa wafanyabiashara wa pwani walitoka kwenda kuilaki bara, wakishindana kuivuta. Ni jambo lile lile lililokatazwa. Mwenyeji aweza kuwa ngao, naye aweza kuwa mtego. Tofauti ni kama mji unambana au haumbani.

III

Sasa tuitazame lugha. Istilahi nyingi za soko katika Kiswahili zina asili ya Kiarabu: soko, bidhaa, faida, hasara, rahisi, ghali, dalali, mnada. Neno “biashara” lenyewe aghalabu huelezwa kuwa ni muungano wa maneno mawili ya Kiarabu, la kuuza na la kununua. Kwa kutazama orodha hiyo tu, mtu aweza kudai kwamba Waswahili walifundishwa kupatana bei na wageni.

Lakini tuangalie vitenzi. Kuuza, kununua, kulipa na kupunguza ni vitenzi vya Kibantu. Kabla ya “soko” palikuwa na “gulio”, na shina lake, -gula, lingali hai kwa maana ya kununua katika Kiganda na katika lugha za Wamijikenda. Neno “bei” kwa Kiarabu ni tendo la kuuza; Kiswahili kimelichukua, kikaliondolea utendaji, kikalifanya jina la kile kinachotafutwa. “Thamani”, ambayo kwa Kiarabu ni bei, imekuwa ubora au kadiri ya kitu. Wenyeji walichukua majina, wakabaki na matendo yao.

Na tendo kuu ni “kupatana”. Kiambishi -an- kinadai watu wawili au zaidi: mtu hapatani peke yake. Kwa mujibu wa sarufi ya neno lenyewe, bei haikatwi na mmoja na kupewa mwingine. Inapatikana baina yao. Fikra hiyo haikuja na jahazi.

IV

Mtu wa tatu hajatoweka. Katika soko la mifugo la Garissa, mfugaji na mnunuzi wasiojuana huunganishwa na dalali, ambaye Wasomali humwita kwa neno lilo hilo la asili ya Kiarabu, “dilaal”. Huyo hatafuti bei tu, bali husimama kuwa shahidi kwamba mnyama si wa wizi. Hatudai kwamba dalali wa Garissa ametokana moja kwa moja na mwenyeji wa Mogadishu ya mwaka 1331. Twasema kazi yao ni moja: kusimama mahali ambapo kutojuana kungeweza kuzaa dhuluma.

Katika Kiswahili cha mijini, neno “dalali” limeanza kunuka. Kwa wengi ni mtu wa ulaghai anayekula pasipo kutoa jasho. Pengine lawama hiyo ina haki yake, kwa kuwa dalali wengi wa leo hawabanwi na mji wala na sheria. Lakini kulihukumu neno kwa hali yake ya sasa ni kusahau dhamana iliyolipa maana. Mwenyeji wa Mogadishu alipopeleka sahani ya chakula jahazini, alikuwa anajitwika jukumu mbele ya mji mzima kabla ya bei yoyote kutajwa. Anayeandika historia ya masoko haya hana budi kuanzia kwenye sahani hiyo, si kwenye bei ya kwanza aliyoisikia mgeni.