Dirisha la chumba cha chini: jinsi ya kumzuia mwizi

Nyumba zetu za Kigoma hazijengwi na vyumba vya chini ya ardhi kama za Ulaya. Sisi tuna mteremko. Kwenye vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na ziwa, kama Kagunga na Mwamgongo, mtu anakata kilima ndipo anajenga, na chumba kimoja kinabaki nusu kimefukiwa na udongo. Hicho ndicho kinakuwa stoo: magunia ya dagaa, nyavu, injini ya boti, betri ya sola. Dirisha lake liko usawa wa goti la mtu anayepita nje.

Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Kwa hiyo usiku ambao nje hauoni kitu ndio huohuo wenye nyumba wako majini. Mwizi anaijua kalenda hiyo kama sisi tunavyoijua.

Watu wengi wakitaka kuimarisha dirisha hukimbilia nondo nene. Nondo si mbaya, lakini nyumba nyingi za huku ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo. Mwizi hana haja ya kukata chuma. Anakwangua udongo pembeni ya fremu, anatoa matofali mawili matatu, na dirisha zima linang'oka na grili yake. Anza basi na ukuta. Kwangua udongo wa kwenye maungio kuzunguka dirisha, jaza mchanganyiko wa saruji na mchanga, kisha piga plasta ndani na nje. Kama bado unajenga, mwambie fundi amwage zege juu na chini ya dirisha, na ncha za nondo ziingie ndani ya ukuta sentimita 10 au zaidi kila upande. Nondo za milimita 12 zinatosha. Nafasi kati yake isizidi upana wa kiganja, maana wezi wengine hutanguliza mtoto.

Grili tunapendelea ikae ndani, nyuma ya kioo au ubao. Mwizi atalazimika kuvunja kwanza, na kuvunja kuna kelele. Iliyofungwa nje kwa skrubu inafunguliwa kwa bisibisi bila mtu kukohoa. Kama yako iko hivyo, mwite fundi wa kuchomelea aunganishe vichwa vya skrubu na chuma. Bawaba nazo zitazame ndani.

Halafu kuna mwizi wa upondo, ambaye haingii kabisa. Anapitisha mti mrefu wenye ndoano katikati ya nondo na kuvuta simu, suruali, hata nyavu. Stoo ya dagaa inahitaji hewa, hivyo kuziba dirisha si jibu. Funga wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo nyuma ya nondo. Na upondo wenyewe, makasia, ngazi na rundo la matofali visilale nje chini ya dirisha. Tumeona nyumba iliyofungwa vizuri, na pembeni yake mwenyewe ameacha sururu.

Udongo unaoporomoka wakati wa masika usiachwe urundikane hadi kwenye dirisha. Unamwinua mwizi na kuozesha mbao. Vichaka vikatwe. Taa ya sola inayowaka mtu akisogea inasaidia, mradi majirani wanaiona.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu inasema mtu anahesabiwa kuwa ameingia pindi sehemu yoyote ya mwili wake, au ya kifaa anachotumia, inapopita ndani. Kuvunja nyumba kwa nia ya kutenda kosa kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 14, na usiku hadi miaka 20. Ukivunjiwa, usipange vitu upya. Piga picha, mwite mwenyekiti wa kitongoji, piga polisi 112. Namba ya injini iandike leo na uitume kwa ndugu. Bila namba, injini iliyopatikana si rahisi kuthibitisha ni yako.

Sasa jambo linalotutia hofu kuliko mwizi. Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Huku kwetu stoo hiyohiyo yenye petroli ya injini mara nyingi ndiyo vijana wanalala. Kama kuna mtu analala humo, petroli itoke, na grili ya dirisha moja iwe ya kufunguka kwa ndani, yenye kufuli. Ufunguo utundikwe ukutani, mbali na mkono au ndoano ya mtu wa nje, mahali ambapo hata mtoto ataupapasa gizani akaupata. Mjaribishe usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa. Zimamoto ni 114.