Herufi Mbele ya Dereva

Dereva atokaye Ifakara kwenda Mofu, akitaka chombo cha kuonyesha njia kilichomo garini kimwongoze, hana budi kuliandika jina la aendako. Uandishi huo una historia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifu tahajia isiyodai herufi ngeni. Hata ng' hupatikana kwa ritifaa tu. Lakini mpangilio wa vitufe ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1870 kwa ajili ya Kiingereza, na mpaka leo q na x, tusizozitumia, zina nafasi zao.

Baadaye simu zilikusanya herufi tatu au nne katika kitufe kimoja, na herufi ya tatu ikabonyezwa mara tatu. Hivyo "Mofu" lilidai mibonyezo 9, na "Kilombero" 22. Kila mbonyezo huyaondoa macho ya dereva barabarani.

Dawa imo katika silabi zetu. Mathalani, baada ya f kwa kawaida hufuata irabu, w au y. Vitufe saba vikubwa vingetosha. Basi wasanifu wa istilahi wasiishie kuvipa vyombo majina. Wawafunze watengenezaji wake muundo wa Kiswahili.