Alama na Kufuli Yake

Msomaji, kila karani ajua kwamba kuandika daftari si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kulilinda lile lililokwisha kuandikwa. Kando ya jina la mtu huweza kutiwa alama ndogo: huyu amelipa, huyu bado, huyu ni mwenyeji, huyu ni mgeni. Alama yenyewe ni tone la wino tu, lakini haki ya mtu yaweza kuning'inia juu yake. Katika insha hii tutatazama jinsi wanadamu walivyojifunza kulinda vitu vya shirika: kwanza kisimani, kisha ndani ya kompyuta, na mwisho katika madaftari ya Garissa, ambako ulinzi ulikosekana.

Tuanze na kisima. Katika nyanda za Waborana, kaskazini ya Kenya na kusini ya Ethiopia, viko visima virefu ambavyo maji yake huinuliwa kwa mikono, ndoo baada ya ndoo, hadi kwenye hori. Mifugo ni mingi, na nafasi penye hori ni chache. Kama wachungaji wote wangeingia pamoja, ng'ombe wangekanyagana, maji yangemwagika, na wanadamu wangepigana. Kwa hiyo yuko mkuu wa zamu, aitwaye abba herrega, naye ndiye apangaye kundi gani litangulie na lipi lifuate. Kundi likiisha kunywa huondoka, na lingine huitwa. Hapa mna sheria mbili: ya kwanza, mwenye zamu huingia peke yake, ya pili, aliyeingia hutoka.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, walianza kutengeneza mfumo endeshi ulioitwa Unix. Katika mfumo huo kila faili lina kadi yake ya habari, iitwayo inodi. Kadi hiyo haina maneno ya faili lenyewe. Yaeleza mwenyewe ni nani, ukubwa wake ni kiasi gani, na vipande vyake vimewekwa wapi. Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, ulifuata mpango huo. Ndani ya inodi zake mna alama: faili hili lisibadilishwe, hili liongezwe mwishoni tu, hili liandikwe diskini papo hapo. Hata diski nzima, ambayo husomwa vipande kwa vipande, ina inodi yake.

Alama hizo hukaa pamoja katika neno moja la kumbukumbu. Mashine itakapo kubadili alama moja, husoma neno zima, hubadili alama ile, kisha huliandika neno zima upya. Fikiri basi: sehemu ya programu isimamiayo diski yasoma neno hilo ili itie alama ya kwanza. Kabla haijaliandika, sehemu isimamiayo mafaili yasoma neno lile lile ili itie alama ya tatu. Ile ya diski yaandika. Ile ya mafaili nayo yaandika, ikitumia nakala ya zamani. Alama ya kwanza imefutika! Hakuna aliyeifuta kwa kusudi, wala hakuna kengele iliyolia. Kila mmoja ameifanya kazi yake sawasawa, na daftari limeharibika.

Dawa ya maradhi hayo ilitafutwa mapema. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alichapisha makala fupi iliyoonyesha jinsi kazi nyingi ziendazo pamoja ziwezavyo kupeana zamu, hata isiingie mahali pa hatari ila moja tu. Linux ulipoanza kutumia prosesa kadhaa kwa pamoja, katika toleo la mwaka 1996, ulifungwa kwa kufuli moja kubwa: aliye ndani huwazuia wote. Usalama ulipatikana, lakini foleni ilikuwa ndefu. Kwa hiyo mafundi waliigawa kufuli hiyo kidogo kidogo, kila kitu kikapewa kufuli yake, hata ile kubwa ikaondolewa kabisa mwaka 2011. Inodi nayo ina kufuli yake. Atakaye kubadili alama zake yampasa aishike kwanza, na akiisha aiachilie.

Angalia mambo mawili. Kwanza, kufuli hiyo si chuma, ni ahadi. Mmoja akigusa alama bila kuishika, uaminifu wa wengine wote haufai kitu. Pili, aishikaye asipoiachilia, wanaongoja wataongoja milele, ingawa hawana kosa.

Mwaka ule ule wa 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa nchini Somalia, na wakimbizi wakavuka mpaka kwa maelfu. Kambi za Dadaab zilifunguliwa karibu na Garissa. Miaka ya ukame ilipokuja, baadhi ya raia wa Kenya waishio jirani, mifugo yao ikiwa imekufa, walijiandikisha kambini ili wapate chakula, matibabu au shule. Wengine walikuwa watoto, wakaandikishwa na wazazi wao. Kando ya majina yao ikatiwa alama: mkimbizi.

Watoto hao wakakua. Walipotimiza miaka 18 walikwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Alama za vidole vyao zikaonekana katika daftari la wakimbizi, na maombi yao yakakataliwa. Pasipo kitambulisho mtu hawezi kupiga kura, wala kufungua akaunti ya benki, wala kupata ajira ya serikali. Ofisi moja ilikuwa imeitia alama. Ofisi nyingine iliisoma kana kwamba ni hukumu. Na njia ya kuifuta haikuwekwa wazi. Wengi wakangoja miaka na miaka. Mwaka 2019 serikali ilifanya uhakiki ili kuwatambua walio raia, na baadhi yao walipeleka shauri mbele ya Mahakama Kuu ya Garissa.

Huenda ukasema kwamba mambo haya mawili hayafanani, maana inodi haina njaa wala haina mama. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo la Garissa ni zito zaidi. Fundi aandikaye programu hujiuliza maswali matatu kabla ya kutia alama: nani ana ruhusa ya kuitia, nani mwingine huisoma, na itaondolewaje? Kwa ajili ya kipande cha diski, maswali hayo yaliulizwa kwa uangalifu. Kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa kambini kutafuta unga, hayakuulizwa mapema.

Basi, msomaji, yumkini siku moja utakabidhiwa daftari, la karatasi au la umeme. Kabla hujatia alama kando ya jina la mtu, hakikisha kwanza kwamba iko njia ya kuiondoa, na kwamba mtu huyo aijua.